Siku Jiwe la Baba Lilipopewa Alama

Duka la Bena siku hizi linauza kava za simu na chaja. Nilipita hapo juzi nikiwa na haraka zangu za mjini Kitale, nikasimama ghafla hata mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanigonga na kikapu. Bango la zamani limepakwa rangi juu ya rangi, lakini ukilitazama kwa upande bado unaliona umbo la pete likijitokeza. Kijana wa mlangoni akaniuliza, "Sasa madam, nikusaidie na gani?" Nikamwambia sitafuti kitu. Nilimdanganya. Nilikuwa natafuta harufu ya maji ya sabuni na dawa ya kusugulia fedha, ile iliyokupokea zamani ulipousukuma mlango huo, na pua yangu ikaambulia plastiki mpya tu. Niliondoka nikipangusa macho, mtu mzima mimi, kwa sababu ya duka la kava za simu.

Walio rika langu watanielewa. Sisi ndio watoto tuliolelewa na baba wa simu. Wengine baba zao walikuwa askari, wengine madereva wa malori; wangu alikwenda Uarabuni nikiwa sijajua kufunga vifungo vya sare ya shule. Kila Jumapili baada ya chakula Mama aliiweka simu katikati ya meza kama mgeni, tukaizunguka tukiingoja ilie. Nilikuwa mtoto wa pekee, kwa hiyo wa kugombania naye alikuwa Mama peke yake, na Mama aliniachia kila mara. Siku moja nilimwuliza Baba anafanya kazi gani huko.

"Nakata mawe," akasema.

"Mawe gani?"

"Mazuri. Yanang'aa mpaka unaona uso wako."

Alikuwa anakata marumaru za kutandika kwenye sakafu za hoteli. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilikuwa darasa la tatu, na kwangu jiwe linalong'aa lilikuwa jiwe linalong'aa, basi.

Mama alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa kwenye veranda mtaa mmoja na duka la Bena. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mepesi, na alikuwa na aibu moja aliyoibeba kila Jumapili. Yeye na Baba walikuwa hawajafunga ndoa kanisani. Ng'ombe walishatolewa, wazee walishakula na kushiba, lakini kanisa lilikuwa bado, na asiyefunga ndoa kanisani kwetu hashiriki meza ya Bwana. Wenzake walipoinuka kwenda mbele, Mama alibaki ameinama, akijifanya ananifunga kamba za viatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba. Nilimwachia tu aendelee kunishika miguu.

Ndiyo maana habari ya pete ilipokuja nyumba yetu ilijaa. Baba aliituma kupitia kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anarudi likizo Bungoma, imefungwa ndani ya soksi. Pete ya dhahabu nyembamba, juu yake jiwe la almasi. Baba alisema kwenye simu kwamba akija likizo ndoa itafungwa, lakini kwanza wazee wa upande wa Mama waione. Alijua anaongea kuhusu watu gani.

Kwetu Bungoma mali ya mahari haipokelewi kwa kusikia. Wazee huenda wenyewe mpaka zizini kwa mkwe, wakamzunguka ng'ombe mmoja mmoja, wakamfungua mdomo wakatazama meno, wakampapasa mgongo na kiwele, na wakamkataa mbele ya mwenyewe bila haya. Khocha Wafula, kaka yake Mama, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Ng'ombe wa Baba walipokaguliwa kwao Kachibora, Khocha alimkataa mtamba mzima ati pembe yake moja inaangalia chini. Baba akatafuta mwingine, na mpaka leo huko Kachibora wanamwita Khocha "daktari wa pembe".

Basi pete ilikaguliwa kama ng'ombe. Tulikutana kwa Kukhu, bibi yangu, karibu na Lugulu, sebuleni penye vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti. Pete ililetwa kwenye kisosi. Khocha aliichukua kwa vidole viwili, akaigeuza, akaipeleka dirishani, akairudisha.

"Ni pana," akasema. "Hii imeshiba bana. Angalieni mgongo wake."

Mzee mwingine aliipima uzito kwenye kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wa tatu aliuliza mbele yake ni wapi. Penye wazee haliharibiki jambo, lakini siku ile nilianza kuwa na mashaka.

"Ati hii ndiyo arimasi?" Kukhu akauliza. "Mbona haichezi? Mimi nilisikia ati inachezacheza kama moto."

Hapo mke wa Khocha, mwimba kwaya mwenye sauti ya kwanza na jicho la kwanza pia, akaiomba. Alivaa miwani yake, akafungua kitabu cha nyimbo, akalishusha jiwe juu ya ukurasa kifudifudi, pete ikielekea juu. Akainama akachungulia.

"Si mimi nasoma namba ya wimbo hapa ndani," akasema polepole. "Hii ni kioo tu, wapendwa."

Khocha alikunja uso kama mtu aliyesifia ng'ombe kumbe ana mimba ya upepo. Mama alinyoosha mkono, akaichukua pete, akaifunga kwenye leso na leso akaitia kifuani. Chai ikaletwa, tukainywa, tukasifu mahindi ya mwaka ule. Nilimchukia yule mama mwimbaji kwa moyo wangu wote mdogo, hasa kwa kuwa alikuwa amesema kweli: mimi pia nilichungulia, nikaiona namba.

Jumamosi iliyofuata Mama aliniambia nivae gauni safi, tukaenda kwa Bena. Njiani alininunulia njugu za kukaanga kwenye kikaratasi kilichosokotwa, nikajua kwamba ana hofu, maana Mama hakuwa mtu wa kununua njugu bila sababu.

Bena alikuwa mjane wa sonara wa Kihindi. Mumewe alipofariki watu walidhani duka litafungwa. Yeye alijifunga shali, akakalia kiti cha marehemu. Jina lake kamili sikulijua; mji mzima ulimwita Bena, nasi tukamwita hivyo kwa heshima. Aliiosha pete kwanza, kwa maji ya sabuni na mswaki mchakavu, akaipangusa, kisha akaligusa jiwe kwa kichombo chenye ncha kama kalamu. Kichombo kikalia.

"Iko almasi, Mama Nekesa," akasema. "Kabisa. Si kioo."

Mama alivuta pumzi ndefu, nadhani ya kwanza tangu Lugulu. "Asante, Bena. Sasa mbona wanasoma maandishi ndani yake?"

Bena aliweka lenzi yake jichoni, akalitazama jiwe kwa juu, kwa ubavu, kwa chini. Kisha akaninyooshea mkono mimi. "Nipe karatasi yako, mtoto."

Njugu zangu zilimwagwa kwenye kisahani cha shaba. Kile kikaratasi akakishika mdomo wake ukiwa juu na ncha chini. "Almasi iko hivi, kama hii ya njugu. Mwanga inaingia juu hapa. Inagonga huku, inagonga huku, inarudi juu, inakuja kwa jicho yako. Hapo unasema, kumbe inawaka." Akakisokota upya kikawa kirefu na chembamba. "Sasa ukikata refu sana, mwanga inapotea pembeni. Katikati inakuwa nyeusi. Watu iko nafanya hivyo wabakishe uzito." Akakisokota tena, safari hii kikawa kifupi na kipana, kama sahani yenye ncha. "Na hii yako iko hivi. Bapa. Kwa juu inaonekana kubwa. Lakini mwanga inaingia, inapita, inatoka chini, imeenda. Mlango ya mwanga iko wazi, basi maandishi pia inapita. Hakuna uchawi."

Alinipa lenzi nichungulie. Ndani ya jiwe niliona duara la kijivu limelizunguka, na katikati kumetulia tu, kama jicho la samaki wa sokoni. Nilipolitikisa lilimeta pembeni kidogo, likanyamaza.

"Hii kukata iko na alama zake," Bena akaendelea, na mimi nikainua kichwa, kwa maana alama ni kitu nilichokifahamu. "Ya juu ni bora kabisa. Halafu nzuri sana. Halafu nzuri. Halafu wastani. Mwisho ni duni. Wakaguzi wanaangalia vile imekatwa, kina na upana. Wanaangalia kama nyuso zake zote ziko sawasawa. Wanaangalia kama imepigwa msasa vizuri. Na alama ya jumla haiwezi kupita ile ya chini kati ya hizo. Ukianguka moja, umeanguka."

"Hii imepata gani?" nikauliza.

"Msasa nzuri. Usawa nzuri. Kina sasa..." Akakunja midomo. "Wastani. Hata hiyo mimi iko nahurumia. Rangi yake safi sana, ndani yake safi sana. Hiyo Mungu amepatia. Kukata peke yake ndiyo kazi ya mtu."

Aliongeza kwamba linaweza kupelekwa Nairobi likakatwe upya. Lingewaka vizuri, ila lingepungua. Mama alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Lipungue, Bena? Kaka yangu ataniuliza nusu nyingine nimempa nani." Akaivaa pete kidole cha kati kwa sababu kilikuwa kinene zaidi, akaiangalia, akaivua. Alikuwa na furaha. Jiwe lilikuwa la kweli, na kwake hilo lilimaliza maneno.

Mimi nilitoka pale nimelemewa. Kukata ndiyo kazi ya mtu, na mtu anayekata mawe yanayong'aa nilikuwa namjua. Alikuwa Baba. Alikuwa amelikata jiwe la Mama kwa mikono yake, akalipeleka kwa wakaguzi, wakampa wastani, alama moja tu juu ya mkia. Shuleni kwetu mwalimu alisoma matokeo kwa sauti, na wa chini walisimama ukutani. Usiku na mchana nilimwona Baba amesimama ukutani kule Uarabuni, mrefu kuliko wote, ameangalia viatu vyake. Nilimwonea huruma hata nikakosa kula, na sikumwambia Mama ili nisimwaibishe mumewe.

Kisha Jumapili moja Mama aliongea na simu akiwa amesimama, akasema "sawa" nyingi, na alipomaliza akaketi. "Baba yako ameongezewa miaka mingine," akaniambia. "Mpaka amalize hiyo ndiyo aje. Subira yavuta heri, mama."

Nilielewa papo hapo. Wa alama za chini hurudia darasa. Rafiki yangu alikuwa amerudia la pili mpaka mdogo wake akamfikia. Baba alikuwa amerudishwa. Jumapili iliyofuata nilipopewa simu sikusalimia hata.

"Baba, ulifeli?"

Upande wa pili nilisikia watu wakiongea lugha nisiyoijua, na mlio wa mashine ya kukatia.

"Kidogo," Baba akasema. "Kidogo, mwanangu. Lakini najaribu tena."

Nimeishi na jibu hilo maisha yangu yote. Leo najua alidhani namwuliza nini. Lakini siku ile lilinithibitishia hesabu zangu, na kesho yake baada ya shule sikwenda moja kwa moja verandani kwa Mama. Nilisukuma ule mlango, nikasimama mbele ya meza ya vioo, kidevu changu kikiifikia kwa shida.

"Bena, tafadhali muongezee Baba alama."

Alicheka kwanza. Halafu akaniona ninavyolia, akaacha kazi yake, akazunguka meza akaniinamia. Nilimweleza yote: mawe yanayong'aa, ukuta, kurudia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Harufu ya sabuni ilikuwa imemjaa mikononi.

"Mtoto, baba yako hajakata hii," akasema. "Hii imekatwa India, mbali sana, na mtu hatujui hata jina yake. Baba yako iko nakata sakafu. Yeye amenunua tu. Hakuna mtu amefelisha yeye."

"Sasa kwa nini haji?"

"Mimi pia iko na watoto Canada," Bena akasema, akanipangusa uso kwa ncha ya shali yake. "Wote iko napata alama nzuri."

Nilirudi kwa Mama nikiwa na huzuni kuliko nilivyokwenda. Kosa langu lilikuwa limenifariji, sikujua. Aliyefeli ana dawa: atasoma, atapita, atarudi nyumbani. Lakini Baba hakuwa amefeli. Alikuwa mzima, mwenye kazi, mwenye akili timamu, na bado hakuwa nyumbani, na kwa hilo hapakuwa na mtu wa kumwomba aongeze kitu.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu yaliuma mpaka yakazoea. Nilimaliza shule ya msingi. Sauti ya Baba ilibadilika kidogo, ikaingia ukungu, au labda masikio yangu ndiyo yaliyokua. Alipokuja hatimaye nilikuwa nimemfikia Mama kimo, na mtu aliyeshuka na masanduku alinipita hatua mbili akimtafuta mtoto mdogo. Nilimwita "Baba" nikasikia neno hilo likitoka bila simu, nikaona haya.

Ndoa ilifungwa kanisani kwao Mama. Khocha Wafula alivaa suti na kofia, akawasimulia watu kwamba yeye ndiye aliyelipitisha jiwe siku ya kwanza. Mama alipoinua mkono pete ilionekana mpaka viti vya nyuma. Haikuwaka, lakini ilionekana, kubwa na tulivu. Mke wa Khocha aliimba kwa nguvu zote. Na meza ya Bwana ilipotandazwa, Mama aliinuka pamoja na wengine akaenda mbele. Nilibaki nimetazama miguu yangu ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameishika, nikalia kwa furaha yake.

Likizo ya Baba ilikuwa fupi. Kila asubuhi niliamka mapema nikamsikilize akikohoa uani, nione kwamba yupo. Alikuwa na mikono mikavu, yenye nyufa zilizoingiwa na unga mweupe usiotoka kwa sabuni yoyote. Alinionyesha kwenye simu picha za sakafu zake: marumaru iliyokaa juu ya marumaru nyingine bila nafasi ya kupitisha ukucha, mistari ya jiwe moja ikiendelea ndani ya jiwe la pili kana kwamba hayakuwahi kutengana. Nilikumbuka ukuta niliokuwa nimemsimamisha, nikataka kucheka na kulia. Baba yangu alikuwa mkataji wa alama ya juu kabisa, na kazi yake ilikanyagwa na wageni wa hoteli wasioangalia chini.

Siku hizi yuko Kachibora, amezeeka, anafuga, na niseme ukweli, tunaongea vizuri zaidi kwa simu kuliko ana kwa ana. Tukikaa pamoja tunatazamana kama watu wanaongoja kitu kilie. Ile miaka haikurudi, na namkosa hata akiwa ameketi mbele yangu.

Siku yake ya mwisho ya ile likizo tulikuwa tumeketi kwenye ngazi ya nyumba, yeye akisugua viatu vyake vya safari kwa kiwi. Nilimwuliza ni kwa nini alichagua jiwe lile. Nilimweleza, kwa majivuno ya mtoto wa shule, habari za kina na upana, na mwanga unaopita ukaenda.

"Hayo yote muuzaji aliniambia," Baba akasema. "Alinitolea mawili, bei moja. Moja dogo, lakini lilikuwa linawaka mpaka unapepesa macho. Lingine ndilo hili. Nikamfikiria khocha wako na pembe zake. Nikamfikiria mama yako amesimama mbele ya kanisa zima. Nikasema, acha nichukue kubwa, lionekane mpaka mlangoni."

"Mimi ningechukua dogo."

Baba akacheka, akapulizia kiatu pumzi, akaendelea kusugua. "Lile dogo? Si hata mtu wa kiti cha pili hangeliona."

"Mimi ningekaa karibu," nikasema.

Aliacha kucheka. Akaweka kiatu chini, akanishika kichwa kwa mkono wake mkavu, akauacha pale muda mrefu, na kesho yake asubuhi akasafiri.